Mtoto wa Neema Ana Jina Lake

Elifuraha,

Huna adabu. Dada yako ana wiki mbili tu tangu ajifungue, wewe unampigia simu huku Ayalandi kumwambia amelitupa jina la baba yenu na kumpa mtoto jina la mbwa. Amelia siku nzima, na sasa anasema Krismasi haji nyumbani Maji ya Chai. Ninaandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Mimi mzima, ila baridi inaniuma magoti. Ninyi hamjambo? Ile migomba ya chini umeipalilia, au unangoja nirudi?

Sasa sikiliza. Jina ni Ciarán. Wanaandika C, wanatamka K: Kiaran. Hata mimi nililikataa. Siku nne nilimwita mtoto Ndewirwa, jina la marehemu baba yako, peke yangu kama kichaa. Ndipo mkwe mwenzangu, mama wa shemeji yako, akavuta kiti jikoni akanieleza, Neema akitafsiri. "Ciar" kwa lugha yao ya zamani ni mweusi. Ile "án" ya mwishoni inakifanya kitu kiwe kidogo, kama sisi tunavyosema kitoto. Basi ni mweusi mdogo.

"Zamani waliitwa hivyo wenye nywele nyeusi," akasema.

"Huyu mmempatia mpaka ngozi," nikamwambia. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Tena akimwita hasemi Kiaran. Anatanguliza "a", halafu ile K inakwaruza kooni: a Khiarain! Nimejaribu, nikaishia kukohoa.

Kisha akasema ni jina la mume wake. Hapo ndipo nilipoacha kumwita Ndewirwa. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume anachukua jina la babu wa upande gani? Wa baba. Wewe wa kwanza wako ulimpa Ndewirwa; wakwe zako walikufokea? Wa pili wa Neema ndiye atakuwa wa baba yenu, Mungu akijalia. Desturi tunaijua, tumeisahau kwa sababu baba wa mtoto ni mzungu. Ni aibu.

Msalimie mkeo, shangazi yako wa dukani, na yule mzee wa kanisa jirani yetu. Wote uliowaambia habari ya mbwa, warudie uwaambie ni jina la babu yake.

Ukimaliza kusoma, mpigie dada yako. Usianze na habari za mvua. Mwombe radhi, halafu mwambie amwekee mtoto simu sikioni, umwite kwa jina lake.

Mama yako,
Ndeanasia