Gari Isiende Tupu

Kigoma, 3 Septemba 2023

Shikamoo Mama,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mdogo wangu Fanny na mjomba Willy. Magoti yanasemaje? Sisi huku ng'ambo ya ziwa hatujambo. Mkweo Elsa anakusalimu. Kitindamimba ameanza kutembea na anavunja vyombo, na wakubwa wake wawili bado wanaongea na picha yako ukutani kama vile utawajibu.

Mama, nimepata gari. Usiruke kwanza. Ni pikapu ya mzee mmoja anayehamia kwa binti yake. Ameitunza, injini haina kelele za ajabu, chini hakuna kutu. Ila inavuta kwa magurudumu mawili ya nyuma tu. Siyo katkat, ile inayovuta kwa yote manne. Kwa katkat pesa yangu haifiki, na nikiendelea kuweka akiba labda itafika baada ya miaka miwili. Miaka miwili wewe uko ndani ya boti kila wiki kufuata samaki Kabimba! Tangu ziwa limchukue Papa, kila Alhamisi nakuwa mgonjwa mpaka Fanny aandike "amefika". Nimechoka na Alhamisi, Mama.

Lakini kukununulia gari litakalolala kwenye tope ni kukudanganya. Kwa hiyo nijibu kweli, usinifurahishe. Barabara ya Kabimba ikoje siku hizi? Unabeba mzigo gani? Na mvua ikizidi, unaweza kukosa safari moja bila biashara kufa?

Mwanao,
Germain


Kalemie, 1 Oktoba 2023

Germain mutoto wangu,

Salamu mingi katika jina la Yesu. Magoti yanauma lakini bado yananibeba. Shikamoo yako nimeipokea, ingawa siku hizi unaandika kama mutu wa redio. Fanny njo atapiga picha karatasi hii akutumie. Sauti kwenye simu sitaki, majirani wote wanasikiliza.

Sasa gari. Nilimuuliza mjomba wako Willy, kwa sababu aliendesha malori mpaka macho yakakataa. Hakuniacha nimalize. "Dada, bila katkat usiguse. Itakuwa nyumba ya kuku." Nikamuuliza mwenye duka: katkat. Nikamuuliza pasta: katkat. Hata mama wa karanga, ambaye usukani hajaushika maishani, naye katkat! Nikakasirika. Wote wananichagulia gari ya kwenda mbali kule Moba, na miye Moba naenda kufanya nini? Miye naenda Kabimba na kurudi, basi.

Nikangoja mvua inyeshe, nikapanda moto, ile pikipiki ya kukodi, nyuma ya motari wake, nikaenda kujionea mwenyewe. Usicheke. Nilimkumbatia yule kijana kiunoni mpaka akaniomba apumue.

Barabara siyo mbaya. Pabaya ni mahali pamoja tu, ule mulima wa udongo mwekundu karibu na mto, unaoupanda ukienda na kuupanda ukirudi. Nikakaa pale juu ya jiwe na muhogo wangu wa kuchoma. Ikapita pikapu kama hiyo yako, siyo katkat, imebeba simenti inakuja Kalemie. Ilipanda polepole kama mama mwenye mimba, ikafika juu. Kisha ikatoka ingine Kalemie, aina ile ile, tupu. Weee! Matako yake yakaenda kulia, yakaenda kushoto, ikarudi chini kinyumenyume. Shofere akaita wapita njia wapande nyuma, wakapanda na mabeseni yao, na gari ikapanda bila kelele.

Nikaelewa. Inavuta kwa nyuma, basi nyuma lazima pawe na uzito. Na miye ninarudi na samaki, sirudi na upepo. Mvua ikizidi nitakaa nyumbani nishone. Ziwa nalo lina siku zake za kukataa, na sikuwahi kufa njaa.

Nunua.

Mama yako,
Domitille


Kigoma, 14 Oktoba 2023

Shikamoo Mama,

Hatujambo, sijui wewe. Nimenunua! Matairi ya nyuma nimeweka mapya yenye meno. Leo asubuhi limepandishwa kwenye meli ya mizigo, limefungwa kama mbuzi wa sikukuu. Mwambie Fanny, maana yeye ndiye ataendesha, usukani uko kulia, siyo kushoto kama magari ya huko, na ule mto ukijaa asijaribu kuvuka hata wewe umwamuru.

Nilisimama bandarini mpaka meli ikapotea. Najua unachotaka kuniuliza na huniulizi: gari linavuka, mimi je? Tangu matanga ya Papa sijakanyaga Kalemie, na wajukuu hujawashika hata mmoja. Mama, nikifika kwenye lile daraja la meli na mtoto mkononi, miguu inagoma. Namwona Papa. Nivumilie.

Mwanao,
Germain


Kigoma, 12 Novemba 2023

Mama,

Shikamoo. Fanny aliniandikia gari limefika salama, mkalipeleka kanisani likaombewa. Baada ya hapo kimya. Nimemuuliza Fanny kama mlikwenda Kabimba, amenijibu maneno mawili: "Muulize mama." Sasa nakuuliza. Uko kwenye gari au uko kwenye boti? Sili vizuri.

Germain wako


Kalemie, 19 Novemba 2023

Mutoto wangu Germain,

Niko muzima, kula. Nilinyamaza kwa aibu tu.

Kwenda tulikwenda vizuri. Wanakwaya walipanda nyuma, wanaimba, mulima tukaupita kama sebule. Kabimba nikanunua ndagala kavu, nyinyi huko munaita dagaa, magunia juu ya magunia, mpaka yakapita paa la gari. Watu wakapiga kelele, "Mama Domitille ametajirika!" Miye nikajibu kwa mukono kama bibi harusi. Wanakwaya walibaki kwa semina yao, lakini nilijiambia, gari imejaa, wa nini tena?

Pale mulimani, Germain, matako kulia, matako kushoto. Tukaingia kwenye mutaro. Fanny akalia. Nikasema haiwezekani, imejaa mpaka mbinguni! Lori la watu wema likaivuta gari mpaka juu, lakini sikuiamini tena, Fanny akarudi nayo tupu, na miye nikateremsha magunia yangu mpaka ufukweni nikaingia kwenye boti. Boti ile ile niliyoapa sitaipanda tena. Siku hiyo maji yalikuwa meupe kwa mawimbi. Niliomba mpaka sauti ikakauka. Sikutaka ujue.

Nikamungoja Willy aje na "nilikuambia" yake. Alikuja. Alikamata gunia moja la ndagala, akalinyanyua kwa mukono mumoja, mukono wa muzee asiyeona vizuri! "Dada," akasema, "ulijaza. Hukupakia."

Nilitaka ardhi inimeze. Tangu niwe musichana ninauza ndagala kwa bakuli, Germain, siyo kwa kilo. Sisi wote wa soko hili tunapima kwa macho: likijaa, limejaa. Uzito wa kitu hicho hakuna aliyewahi kuniuliza. Ndagala kavu ni nyepesi kama majani, nilipanda mulima na gari tupu yenye kofia kubwa.

Nilifikiri kuiuza. Willy, yule yule wa nyumba ya kuku, njo amekataa. Anasema gari haina kosa, kosa ni namna ya kuipakia, na Alhamisi atakuja mwenyewe kupanga muzigo. Usimwambie mutu. Hasa usimwambie Elsa, bado nataka aniheshimu.

Mama yako aliyefedheheka,
Domitille


Kalemie, 3 Desemba 2023

Germain baba,

Yambo sana, Mungu ni mwema. Kaa chini usome taratibu.

Unajua kwetu jirani akikuletea samaki kwenye sahani, huwezi kumurudishia sahani yake tupu. Hata unga kidogo unaweka. Nikamwambia Willy, basi gari nayo tuifanye sahani. Kwenda Kabimba tunabeba chumvi na unga wa muhogo, kwa sababu akina mama kule wanaokausha samaki wanahangaika kuvipata. Walitupokea kwa vigelegele! Kurudi, Willy alipanga kama anatandika kitanda: mifuko ya chokaa tuliyoagizwa na mafundi wa nyumba chini kabisa, juu ya magurudumu ya nyuma, kisha turubai, kisha samaki wazito, mikebuka ya chumvi, na ndagala zangu juu kabisa, wachache, wasijivune.

Mulima ulikuwa umelowa. Fanny hakupumua, miye sikupumua, Willy alikuwa anapiga muluzi. Gari ikapanda. Ilisita pale pabaya, Germain, ikakanyaga, ikapanda!

Kule juu nilimwambia Fanny asimamishe. Ziwa lote linaonekana kutoka pale. Lilikuwa limechafuka, lina mawimbi meupe mpaka mwisho wa macho, na miye nimesimama pakavu na viatu vyangu. Nililia. Tangu baba yako aende, nilikuwa nikiliangalia kwa kuogopa zamu yangu. Siku ile nililiangalia tu. Ni zuri, mutoto wangu. Nilikuwa nimesahau.

Alhamisi yako nimekurudishia. Sasa miye ninaomba kitu, na sijawahi kukuomba. Muniletee wajukuu kwa Noeli. Meli kubwa siyo boti ya baba yako. Chagua siku nzuri, muulize nahodha bila haya, na wote muvae majaketi ya kuelea. Kama miguu itagoma, mwambie Elsa akusukume. Miye nitakuwa bandarini na gari. Na unajua sasa sheria ya gari hii, haiwezi kurudi nyumbani tupu.

Mama yako anayengoja,
Domitille


Kigoma, 21 Desemba 2023, bandarini

Mama,

Shikamoo, na hii naandika haraka kwenye simu, mtandao utakatika. Nahodha nimemuuliza mpaka amenikasirikia. Ziwa limetulia. Miguu iligoma, Elsa akanisukuma kweli. Sasa tumekaa sitahani, wote watano, majaketi shingoni, na wakubwa wanauliza kama utakuwa na mikono au utakuwa picha tu.

Elsa anasema usiweke chokaa kwenye gari. Tumekula vizuri mwaka huu, tutatosha.

Meli imeng'oa nanga. Mama, nakuja.

Mwanao,
Germain