Gauni la Madlenka

Zlín, 9 Januari 2019

Vendula mjukuu wangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Goti linaniuma kama kawaida yake na silisikilizi. Mama yako ni mzima, alikuja Jumapili akala akaondoka.

Sasa tuseme la kusema. Juu ya kabati langu pana alama ya miguu miwili midogo kwenye vumbi. Vumbi lenyewe si la kwako kulisema. Hapo ndipo Madlenka aliposimama miaka ishirini na sita, tangu walipofunga idara yetu ya ushonaji pale studio ya filamu za vikaragosi nikamtoa kwenye pipa la takataka. Sikukupa. Hukuomba. Ulikuja Krismasi, ukasifia samaki wangu, ukanibusu, na kikaragosi changu ukakitia begini. Huko Brno shuleni ndiko wanakofundisha hayo? Mrudishe. Na usinipigie simu. Kwenye simu unajua kunizungusha.

Bibi yako

*

Brno, 21 Januari

Shikamoo Bibi,

Natumaini goti limepoa. Mimi ni mzima, ila nina haya. Nilimchukua kwa sababu ningeomba ungekataa, kama ulivyokataa mwaka jana na mwaka juzi. Ninatengeneza filamu yake ya dakika nne. Namsogeza kidogo, napiga picha, namsogeza tena, kama mlivyokuwa mkifanya ninyi. Nataka kuipeleka kwenye tamasha la filamu la watoto na vijana hapo kwenu. Wanapokea mpaka mwisho wa Machi, na mwakani nitakuwa nimepita umri.

Lakini kuna jambo limenishinda. Picha zikiunganishwa uso unatulia, mikono inatulia, gauni tu ndilo linalotetemeka, kama kwamba siafu wamemwingia. Nimetupa picha mia nne. Mwalimu wangu anasema ni taa. Si taa.

Mjukuu wako,
Vendula

*

Zlín, 30 Januari

Vendula,

Hujambo, nami sijambo. Mwambie mwalimu wako azime hizo taa akalale.

Umelifua. Usibishe. Umelifua na pasi ukapiga. Ulikiona kitambaa kigumu kama ganda la mkate ukadhani ni uchafu. Ile ilikuwa gundi, mtoto wewe. Tulikuwa tukipaka gundi upande wa ndani, mara tatu, nyembamba, na kwenye pindo tunapitisha waya, ili gauni likiguswa libaki lilipoachwa. Nguo ya mtu hufuliwa. Nguo ya kikaragosi haionyeshwi maji.

Naweza kushona jingine. Lakini nisikilize kwanza, hili hata mama yako hajaambiwa. Mwaka 1974 filamu yetu ya Madlenka ilionyeshwa sinema kubwa. Nikavaa koti jipya, nikakaa safu ya nne. Mwishoni majina yakaanza kupanda. Mwongozaji, mpiga kamera, mpiga filimbi, hata dereva aliyetuletea mbao. Watu wameshasimama wanatafuta makoti yao, mimi nimekaa nasubiri. Washonaji hatukuwamo. Nimeshona miaka ishirini na tisa, filamu zaidi ya arobaini, na jina langu halikupanda pale hata mara moja. Sijaingia tena ukumbi ule.

Nikikushonea, jina langu litokee mwanzoni, watu wakiwa bado wamekaa. Hilo ndilo sharti langu, jingine sina.

Bibi yako

*

Brno, 5 Februari

Shikamoo Bibi,

Habari za hapo? Huku theluji tu.

Nililifua. Na pasi pia, umesema kweli. Utakuwa wa kwanza kabisa, kabla hata ya jina la filamu. Nakuahidi.

Mjukuu wako,
Vendula

*

Zlín, 2 Machi

Vendula,

U mzima? Mimi naendelea.

Gauni limo humu. Zamani lilikuwa kazi ya mchana mmoja. Hili limenichukua siku kumi na tisa, kwa sababu mkono wa kulia siku hizi una mambo yake, na pindo nimelifumua mara sita. Ukiona mshono wa kijani umekwenda upande, upande huo ugeuzie nyuma. Usifue. Usipige pasi. Usilipulizie hata pumzi.

Bibi yako

*

Brno, 24 Aprili

Shikamoo Bibi,

Goti linasemaje? Mimi nimekonda lakini nina furaha. Imekubaliwa! Itaonyeshwa tarehe 31 Mei, saa nne asubuhi, sinema kubwa. Waamuzi ni watoto peke yao, wametoka nchi kumi na moja, mdogo wao ana miaka tisa. Gauni halitetemeki. Nakuwekea tikiti yako humu, safu ya nne.

Mjukuu wako,
Vendula

*

Brno, 20 Mei

Shikamoo Bibi,

Hujambo? Hujajibu. Mama anasema hataki kukuuliza kama utakuja, kwa kuwa aliyekuuliza mwisho ulimtuma dukani. Ila anasema lile koti la zamani limetolewa, limeanikwa dirishani. Mimi sikuulizi.

Mjukuu wako,
Vendula

*

Zlín, 5 Juni

Vendula mjukuu wangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Mama yako anasema ulinitafuta mlangoni. Nilitoka kwa mlango wa pembeni, kwa hiyo nakuandikia.

Nilikaa safu ya nne. Nyuma yangu darasa zima la watoto wanatafuna bisi. Taa zikazimwa. Yakaja maandishi ya kwanza, meupe, makubwa, na watu wote wamekaa kama nilivyotaka: “Nguo zimeshonwa na bibi yangu.”

Mama yako akanibana mkono akalia. Watoto wakapiga makofi. Mimi nikasubiri mstari wa pili. Haukuja. Ikaanza filamu.

Bibi yangu. Kila mtoto mle ukumbini ana bibi, wengine wanao wawili. Mbele yangu kalikaa kasichana kenye mwanya, kadi ya mwamuzi shingoni. Kakamwuliza mwenzake, “Bibi gani?” Mwenzake akamjibu, “Wa kwake.” Basi, ikaishia hapo. Wale wa studio hawakunijua jina. Wewe unalijua tangu ulipojua kusema, na bado hukuona kama linahitajika.

Mama yako atakuambia nilitoka kwa hasira. Usimwamini. Nilikaa mpaka picha ya mwisho. Dakika zote nne nilitazama pindo, hata hadithi yako sijui ilihusu nini, utanieleza ukija. Halikutetemeka. Hata ule mshono wa kijani sikuuona, na mimi najua ulipo.

Nasikia filamu inapelekwa Ostrava mwezi wa tisa, na kwamba siku hizi maandishi hubadilishwa kwa kubonyeza tu. Basi nimekuandikia hapa chini, unakili. Madlenka akae kwako kwanza. Juu ya kabati nimeshapafuta vumbi.

DRAHOMÍRA VYORALOVÁ
mshonaji