Habari za Saidi kutoka Moji

Barking, London

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia, shikamoo. Natumai goti limepoa kidogo na usingizi unaupata. Mimi mzima, kazi ya kuwatunza wazee inaendelea, na mvua ya huku ndiyo ile ile. Kaa kitako unaposomewa barua hii, na anayekusomea asiruke hata neno.

Nimesharudi kutoka Japani. Nilikwenda kumtazama mjukuu wako Nasra, anayesomesha Kiingereza kule, lakini wewe ulinituma jambo moja tu: nijue kama kaka Saidi alizikwa au alichomwa. Tangu tuletewe ile habari fupi kwamba amefia bandarini Moji, hujaniuliza jingine. Mapinduzi yalimtoa nyumbani akawa baharia, na bahari haikumrudisha.

Basi tukaenda Moji. Ni mtaa wa bandari ya zamani, una forodha ya matofali mekundu na mabenki ya enzi za meli za makaa ya mawe. Nasra alinisomea vibao. Ati wanawake ndio waliokuwa wakipakia makaa melini kwa vikapu, na ndizi zilizoanza kuiva zikinadiwa pale pale barabarani. Nilicheka nikakumbuka sokoni kwetu Darajani. Lakini vibao vyote vilisifu meli, na mabaharia waliofia hapo hawakutajwa hata kwenye kimoja.

Tukaingia mkahawa mdogo wa bibi mmoja wa rika lako. Chakula cha mtaa huo ni wali uliomwagiwa mchuzi wa bizari, ukapasuliwa yai juu, ukaokwa. Tukaagiza usio na nyama, na samaki wa kuchoma. Mchuzi ulikuwa mtamu, pilipili haba, ungesema wa kumlisha mtoto. Nikamegua mnofu wa samaki kwa vijiti vyao vya kulia, nimpe Nasra kama tunavyopeana tonge, naye akaupokea kwa vijiti vyake. Bibi akatoka mbio jikoni akatushika mikono.

"Mum, tumekosea, don't," Nasra akaniambia baada ya kumsikiliza. "Anasema kupokezana vijiti kwa vijiti ni kwa mifupa ya maiti tu. Maiti akishachomwa, ndugu zake ndio wanaookota mifupa, wawili wawili."

Nikaviweka chini. "Muulize, asiye na ndugu anaokotwa na nani?"

Bibi alinitazama usoni, kisha akasema bila ya kuambiwa jina, "Saidi. Zanzibaru."

Alisema alikuwa mrefu, na akicheka alifunika pengo la jino. Kila meli yake ikitia nanga alikula pale. Safari ya mwisho aliugua, meli ikaondoka bila yeye, akafa hospitali. Hakuna aliyejua dini yetu inataka nini, wakamfanyia kama wanavyofanyiana wao. Yule bibi na mumewe wakasimama mahali petu, wakaiokota mifupa yake.

Ndiyo, Mama. Walimchoma.

Nilipandwa na hasira, nikataka kuondoka. Lakini bibi alikuwa analia, anamwomba radhi mama yake Saidi kwa kuwa hakujua pa kumpeleka. Nikalia naye. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, kwa hiyo sikwambii usilie.

Alitupeleka kwenye hekalu lao. Mifupa imekaa huko miaka yote hii ndani ya chungu cheupe, kimefungwa kitambaa safi. Wakanikabidhi. Niliporudi London nikamuuliza sheikh, akasema Saidi hana dhambi katika hilo, na mifupa ya Muislamu ina heshima yake, izikwe. Kwa sasa yuko chumbani kwangu. Nimekwisha kata tikiti ya kuja nyumbani, na ndani ya ndege nitampakata.

Nisalimie shangazi Bi Maua aliyetulea, na jirani anayekusomea, Mungu amlipe. Nisalimie na Mjomba Khamis, mwenye kuangalia makaburi yetu, umwambie aanze kuchimba. Mifupa ni michache, lakini achimbe kaburi la mtu mzima.

Mwanao,
Zuhura