Dawa au Maji

Mbeya, 9 Februari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini sikio limetulia na nyanya zinatoka. Mimi mzima sasa. Nasema sasa kwa sababu mwezi uliopita maumivu yalinishika nikiwa kazini, dukani kwa Dhaval, nikalazwa siku nne. Sikukwambia. Kwenye simu hunisikii, na sikutaka Devota, muuza nyanya mwenzako, akupigie kelele sikioni stendi nzima ijue habari zangu. Ndiyo maana nimempa barua hii Shedrack, yule kondakta.

Hospitali wananitaka kwenye utafiti wa dawa mpya ya selimundu. Nesi wa utafiti, Eveline, alinichorea kwenye karatasi. Unajua chembe zangu za damu hujikunja. Kumbe si kujikunja tu. Kwenye kuta za mishipa kuna molekuli zinazozinasa chembe zikipita. Zikinasa moja, nyingine zinagandamana hapo hapo, njia inaziba, ndipo mifupa inawaka moto. Dawa hii kazi yake ni kuikalia ile molekuli ili isinase kitu. Ni dripu, mara moja kila wiki nne. Nusu yetu tutapata dawa, nusu maji ya chumvi, na hata nesi hajui nani kapata nini. Vidonge vyangu vya kila siku naendelea navyo kama kawaida.

Nipe baraka, Mama. Nimechoka kukaa nikisubiri kuumwa.

Mwanao,
Joachim

Ilula, 16 Februari 2025

Kamwene mwanangu,

Uzima upo? Sisi hapa tupo, ila mvua imezidi, nyanya zinaoza kabla magari hayajasimama. Devota anakusalimu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Dada yako Mariya tulimzika ana miaka kumi na moja, kwa ugonjwa huo huo. Sasa wewe unataka ukae kwenye kiti wakutie kitu ambacho hata anayekutia hakijui. Hiyo Mbeya yenyewe baridi yake inakumaliza. Rudi nyumbani. Baraka sitoi.

Mama yako,
Severina

Mbeya, 22 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Habari za nyumbani? Najua umekasirika, miezi minne sijaandika. Ukweli ni kwamba siku ile nakuomba baraka nilikuwa nimeshasaini. Nisamehe.

Lakini sikiliza. Nimeshawekewa dripu tano na sijaumwa hata siku moja. Na hii ndiyo Juni ya Mbeya, unaijua. Natembea kwa miguu mpaka dukani, nabeba mizigo ya nyaya. Dhaval ananiuliza, "Wewe si yule wa kujilaza stoo?" Nimeanza kozi ya umeme, nimepanda mlima Loleza na wenzangu, na nikikaa dakika kumi miguu inanitekenya nisimame. Nimepata dawa yenyewe, hilo sihitaji kuambiwa.

Vidonge vya zamani nimeviacha, hii wiki ya pili. Vinanisumbua tumbo na kazi yake siioni tena. Eveline hajui. Usimwambie mtu.

Mwanao mzima,
Joachim

Ilula, 29 Juni 2025

Joachim,

Leo sikuulizi hali. Nikuambie jambo ambalo baba yako amekufa hajalijua.

Mariya alipewa dawa hospitali ya Tosamaganga, za kunywa kila siku. Mwaka ule akanawiri, akawa anaruka kamba na wenzake mpaka nguo inalowa jasho. Nikasema mtoto amepona, dawa za nini tena? Nikaziweka juu ya kabati miezi miwili. Alipoanguka, daktari aliniuliza, "Mama, dawa anakunywa?" Nikasema, "Anakunywa kila siku." Akaandika. Akamtibu akiamini maneno yangu. Mtoto hakumaliza wiki.

Sijui kama kusema kweli kungemponya. Hiyo ndiyo taabu yangu, sijui, na sitajua mpaka nakufa.

Nenda kwa huyo nesi ukaseme. Nenda kesho.

Mama yako

Ilula, 13 Julai 2025

Mwanangu,

Shedrack anasema barua alikupa mkononi. Wiki mbili hakuna jibu, na simu yako Devota anapiga haipatikani. Kila basi la Mbeya likisimama naacha ndoo za nyanya nakwenda kuuliza. Watu wananicheka, wacha wacheke. Jumanne napanda gari.

Mama

Mbeya, 3 Agosti 2025

Mama, shikamoo.

Natumaini ulifika salama na mgongo haukuumia kwa kulala kwenye kile kiti cha wodini. Nimetoka jana. Ulipokuwa hapa nilikuwa na mpira wa oksijeni puani, kuongea kulinishinda, kwa hiyo mengine nakuandikia.

Barua yako niliisoma dukani, nikaitia mfukoni. Kila siku nasema kesho nitakwenda kwa Eveline, na kila siku aibu inanigeuza. Tarehe kumi na moja kifua kikanibana. Nikalazwa. Nikiwa kitandani Eveline akaja, akaniuliza, "Joachim, vidonge unakunywa?" Mama, neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikamfikiria yule daktari wako akiandika. Nikasema, "Hapana. Karibu wiki tano."

Hakunigombeza. Alitoka mbio kumwita daktari, wakaniongezea damu siku ile ile. Nilipopata nafuu ndipo akaniambia, "Ungenificha, ningeandika kwamba ulikuwa unakunywa kila kitu na bado ukaanguka. Tungewapotosha wagonjwa wote wanaosubiri jibu la dawa hii."

Nimeruhusiwa kuendelea. Kosa langu limeandikwa kama lilivyo. Vidonge nakunywa.

Mwanao,
Joachim

Mbeya, 21 Januari 2026

Mama mpendwa,

Shikamoo. Heri ya mwaka. Vipi sikio, na Devota?

Utafiti umefungwa kabla ya muda wake. Jana walituita mmoja mmoja. Kwa hesabu ya wagonjwa wote, waliopata dawa hawakuwapita kwa nafuu waliopata maji.

Mimi nilikuwa wa maji, Mama. Tangu dripu ya kwanza.

Nilitoka pale nikatembea mpaka Mwanjelwa, nikarudi, nikaenda tena. Nilitaka kumkasirikia mtu, nisimwone wa kumkasirikia. Ile miezi minne niliyojiona nimepona, kilichonilinda ni vidonge vile vile nilivyokuja kuvitupa. Na mimi nikakuandikia kwa majivuno.

Eveline anasema molekuli za kunasa ziko za aina nyingi. Hii wameikalia, huenda nyingine zikaendelea na kazi. Kuna utafiti mwingine unakuja, wa molekuli tofauti, nao una watu wa dawa na watu wa maji. Amenipa makaratasi, kurasa kumi na mbili. Nimeyabeba siku nzima kwenye begi, sikai wala silali vizuri. Nataka, na naogopa.

Safari hii sijasaini. Jumamosi ya tarehe 31 naja Ilula.

Mwanao,
Joachim

Ilula, 25 Januari 2026

Kamwene mwanangu,

Uzima upo? Sikio ni lile lile, Devota mzima.

Njoo na makaratasi. Jumamosi siuzi, nyanya atabaki nazo Devota. Tutazisoma kurasa zote kumi na mbili, na pale tutakaposhindwa wote wawili tutaandika maswali, umpelekee Eveline.

Mimi bado naogopa, nisikudanganye. Nikiona jambo hilo halifai nitakuambia, na nitakuambia kwa nini. Lakini mwili ni wako. Ukisaini, siku ya dripu ya kwanza nakuja Mbeya. Nitakaa kwenye benchi pale mlangoni, iwe dawa, iwe maji, mpaka chupa iishe.

Mama yako,
Severina