Siku Hizi Hakuna wa Kunibishia

Mutuma ndugu yangu,

Walituletea ile kompyuta uliyokuwa ukiicheka. Iko mezani pale tulipokuwa tukitandaza ramani. Naiambia tunakotaka kwenda, askari ni wangapi, mvua imenyesha au la, nayo inanipa njia kadhaa na kuipaka kijani ile inayoona ni bora. Ni nzuri, sitakudanganya. Kazi yetu ya asubuhi nzima inaimaliza kabla chai haijapoa.

Lakini hainibishii.

Wewe ulinibishia mpaka nikaota mvi. Nikishachagua njia, unavua kofia, unahamia upande wa pili wa meza na kusema, "Sasa mimi ndiye adui, afande. Njoo." Halafu unaniua pale pale kwenye ramani, huku ukicheka na kuniambia sisi Waembu tunajua kulima tu. Nilikuwa nakasirika kweli. Lakini nilikuwa narudi kambini na vijana wangu wote.

Wiki jana kwenye mazoezi kijani kilitokea, nikauliza maoni. Maafisa wote wakaitikia kwa kichwa. Nani atabishana na mkubwa na mashine kwa pamoja? Nikangoja. Nilikuwa nakungoja wewe, Mutuma, na mimi ni mmoja wa waliokubeba siku ile tukikuzika.

Jumapili nilipita kwako Kangeta. Miraa imechipua vizuri, mkeo Mama Makena anaitunza kukushinda. Alipokuwa akinimiminia chai akaniuliza, "Siku hizi unagombana na nani?"

Nakuandikia kwa sababu kesho kutwa si mazoezi. Vijana wanaingia msituni kweli, na mmoja wao mkewe amejifungua juzi. Njia ya kijani imekubaliwa na kila mtu. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Kwa hivyo kesho, kabla ya amri kutoka, nitamwita luteni mmoja mkimya wa Kanyakine, nimwambie awe adui yangu, anipige atakavyo. Nimemwona anavyokunja uso wenzake wakiitikia. Huyo ana neno. Nakuahidi, sitatia sahihi mpaka mtu aniambie hapana usoni.

Pumzika, ndugu yangu. Kijana atajitahidi, nami nitamsikiliza. Lakini nilitaka uwe wewe.

Njeru