Batri ya Pili

Kalemie, siku ya mvua

Yaya Onésime, kaka yangu,

Sisi tuliobaki hapa nyumbani tunakusalimu. Mutoto wa dada yetu Reine anatambaa, samaki ndagala zimepanda bei, na mvua imeangusha ukuta wa jikoni. Hayo ningekuambia kwa simu. Linalofuata siwezi, maana Papa huwa anakaa karibu.

Ile batri ya pili uliyotuma kutoka Kigoma, ulisema tuiunge na ya kwanza plus kwa plus, moins kwa moins, chanya na chanya, hasi na hasi, ili pikipiki yetu ya umeme iende mbali. Papa alifanya hivyo. Lakini asubuhi ile Mama alipokosa pumzi, Papa hakutafuta mbali, alitafuta mbio. Akaunga plus ya moja kwenye moins ya ingine, nguvu zijumlike. Tulienda kama upepo mpaka kwenye kilima cha hospitali. Pale mota ikanuka, ikafuka moshi, ikanyamaza. Tukamubeba Mama kwa mikono. Mengine unayajua, ulilia nasi msiba wake kwenye simu.

Sasa Papa ameifunika pikipiki kwa turubai. Kila jioni ananiuliza kama tungefika iwapo waya zingebaki vile ulivyosema. Anangoja jibu lako, kwa sababu fundi njo wewe, si mutu mwingine.

Ukikuja, umuambie hatungefika, hata kama hesabu yako inakataa.

Mudogo wako,
Gisèle