Kijiko Kimoja cha Boroni

Jumanne, 3 Septemba

Nimepalilia kamomili kabla ya chai ya saa nne. Mistari sita, pale baba mkwe alipong'oa michai mizee. Amenipa hadi Krismasi. Maua yasipotoka, anarudisha chai, nami narudi kumchumia majani. Maua ndiyo dawa. Watu huyakausha, wakachemsha, wakapata usingizi. Mimea yangu haina hata kitumba cha ua. Msichana wa agroveti, duka la pembejeo pale Sigowet, anasema udongo wetu umekosa madini ya boroni, akaniuzia pakiti.

Alhamisi, 5 Septemba

Kijiko kimoja cha chai kwa pampu ya lita ishirini. Si zaidi, boroni ikizidi inaunguza. Nimenyunyiza mistari mitano. Wa sita nimeuacha bila kitu ili nilinganishe, nikauzungushia vijiti. Kiprono akacheka, eti mke wake sasa ni profesa. Pampu ni ya baba yake. Nimeirudisha stoo kwake pamoja na pakiti iliyobaki. Jioni mvua.

Jumatatu, 16 Septemba

Vitumba. Nimeruka pale shambani kama mwendawazimu. Mvua bado kila siku.

Ijumaa, 20 Septemba

Kingo za majani zimegeuka njano, kisha kahawia, kama zimepitishwa motoni. Mistari yote mitano. Wa sita ni kijani. Nilipima kijiko kimoja. Nina hakika. Sina hakika.

Jumamosi, 21 Septemba

Alama za viatu vya gambuti kati ya mistari, mbichi. Kiprono yuko kiwandani tangu Jumatano. Nimechungulia stoo: pampu imelowa. Ni baba mkwe. Amechoka kungoja Krismasi, ananinyunyizia dawa ya kuua magugu. Siwezi kumuuliza. Kwetu mke wa mtoto hamkabili mzee kwa maswali. Hata salamu zetu hupitia kwa Kiprono. Namchukia.

Jumapili, 22 Septemba

Kwenye maombi ya akina mama niliomba waniombee. Wakauliza kuna nini. Nikamtaja baba mkwe.

Jumatano, 25 Septemba

Vitumba vinaanguka. Mstari wa kwanza umekufa wote. Sokoni jirani kanipa pole, kanionya nisile chochote kilichopikwa kwa mzee. Sikuwahi kusema hivyo. Sikukanusha pia.

Jumamosi, 28 Septemba

Kiprono amerudi, amemuuliza baba yake, ameniletea jibu, mzee akiniita kwa jina la mtoto wetu kama kawaida. "Mwambie mama Chela mvua ilikuwa inaosha ile dawa. Kwa majani chai huwa tunarudia. Nilikuwa nataka maua itoke."

Amerudia mara tatu, alfajiri, kila baada ya mvua, hadi pakiti ikaisha. Vijiko hakupima. Vijiti vyangu alivikwepa kwa sababu aliona ni vyangu.

Nimekaa jikoni bila kuwasha moto. Naona aibu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mstari wa sita umechanua. Maua madogo, ya kutosha. Mzee amemwambia Kiprono chai hairudi, nipande tena.

Jana kwenye maombi niliwaambia akina mama ukweli wote. Wakasema nina roho nzuri, namfichia mzee.

Leo nimepeleka majani ya chai ya Kiprono kwenye kituo cha kupimia. Mzee alikuwa kwenye foleni na gunia lake. Wanaume wameacha nafasi mbele yake na nyuma yake. Nikaenda kusimama nyuma yake, karibu kuliko inavyofaa. Hakugeuka. Karani akapima gunia lake, kisha langu.